Baba Mkwe Hakupiga Kengele

Mtu akikugonga njiani, akuinue. Hilo halihitaji shule, na mimi shule sikufika nayo mbali. Niliacha nikiwa najua kusoma Biblia na kuandika kama hivi ninavyoandika, polepole, mkono ukichoka napumzika. Lakini jambo hili nimelibeba tangu miaka ile ya kwanza ya Uhuru, na bado likinijia shambani nasimama na jembe mkononi, nasema peke yangu, "Sasa ile ilikuwa tabia gani?" Wajukuu wanafikiri naongea na kuku.

Majina yote ninayo. Nani alisema nini, nani alicheka, nani alijifanya hakuona. Sitayaandika, kwa sababu wengi wao wamelala, na watoto wao ndio hao wananisalimia kanisani. Wenyewe watajijua.

Mimi nilizaliwa upande wa Suneka, ambako njia ya kwenda sokoni ni pana, ng'ombe wawili wanapishana bila kugusana pembe. Nikaolewa juu huku, upande wa Ikonge, kwenye milima ya majani chai. Huku njia ilikuwa kama uzi. Mkono huu ua wa miiba, mkono huu ua wa miiba, na katikati udongo mwekundu ambao ukinyeshewa kidogo tu unateleza kama sabuni. Njia yetu ilitoka bomani, ikafuata mgongo wa kilima, ikapinda kona moja kwenye mikaratusi, halafu ikateremka mpaka kituo cha kupimia majani. Mtu mmoja baada ya mwingine, basi.

Na ilikuwa na sheria zake kabla baiskeli hazijazaliwa. Mwenye mzigo kichwani hapishi mtu. Asiye na mzigo ndiye anayejibanza. Anayeteremka anamngojea anayepanda, maana anayepanda akisimama mzigo unamvuta nyuma. Anayekuja nyuma yako hakuvamii, anajitangaza kutoka mbali: anaimba, au anamkemea mbuzi ambaye hata hayupo, mradi ujue kuna mtu. Na ukimkuta mwenzako ametua mzigo, huwezi kupita hivi hivi hata kama unakimbilia mazishi. Unasimama, unamtwika, ndipo unaendelea. Ni nani alitufundisha? Hakuna. Tulizaliwa tukakuta hivyo.

Halafu zikaja baiskeli, na wenye baiskeli wakajifanya sheria hizo ziliwekwa kwa ajili ya miguu, magurudumu hayamo. Ukisikia *kri kri kri* nyuma yako, wewe na debe lako la maji ujirushe miibani! Mwanamume ameketi, hana kitu kichwani isipokuwa kofia, na anataka kupishwa na mwanamke aliyebeba maji ya watu wanane na mtoto mgongoni. Ukichelewa anakupita akikuambia, "Mama, umelala?" Nilale na debe kichwani! Maji yamenimwagikia mpaka kwenye viatu, siku zile nilipopata viatu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Vijana nao kengele ilikuwa mdomo wao. Siku ya soko, iwe Suneka iwe Nyakoe, kijana akiona msichana mbele yake anapiga kengele, na si kwamba anataka njia; njia anayo. Anataka ugeuke. Ukigeuka, amekupata, ataanza kusema yeye ni fundi, ana shamba, sijui nini. Kengele ya namna hiyo kila mtu aliijua. Mama zetu walitukataza kugeuka. Kengele iliyopigwa mgongoni pa mwanamke haikuwa na maana nyingine, na hilo ndilo lililoniponza mimi ambaye sikuwa hata na habari.

Baba mkwe wangu alinunua baiskeli nyeusi, ndefu, yenye keria pana nyuma, kwa pesa za pareto. Pareto hiyo tuliichuma mama mkwe na mimi, vidole vikanuka dawa mpaka tukashindwa kula na mkono. Lakini baiskeli ilikuwa ya mzee. Na mzee alikuwa mtu wa heshima kweli, sitamsingizia: mzee wa kanisa, hagusi pombe, hapigi kelele, Sabato anavaa koti. Na alishika chinsoni kuliko watu wote wa kilima kile.

Chinsoni ndiyo heshima ya kwetu, ile ya kuoneana haya. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono. Hawaitani majina. Hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anageuza uso mpaka mwingine apite. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mama mkwe, hata kama nimesimama pale pale nasikia. Mimi sikuichukia. Ilinipa nafasi yangu, nikaishi bila kuguswaguswa na mtu.

Sasa fikiria mtu kama huyo juu ya baiskeli, na mbele yake, kwenye njia ya uzi, kuna mke wa mwanawe. Atafanya nini? Kengele hawezi, ataonekanaje, mzee mzima anampigia kengele mke wa mwanawe kama kijana wa sokoni? Kuita hawezi, jina langu halimo kinywani mwake. Basi akawa anakohoa. Ndivyo wazee walivyofanya siku zote wakikaribia mlango wa mke wa mwana: anakohoa, unatoka, unampisha. Kikohozi cha mtu wa miguu kinatosha. Ila yeye sasa alikuwa anateremka mlima kwa magurudumu.

Asubuhi hiyo nilikuwa na kikapu kilichojaa majani, majani mawili na kichipukizi, nimeyachuma umande ukiwa bado juu yake. Kilikaa kichwani juu ya ngata ya majani ya mgomba, na mikono yote miwili ilikuwa juu. Upepo ulikuwa unavuma kwenye mikaratusi. Nimepita kona, nateremka, nachunga miguu isiteleze, na kumbe nyuma yangu mtu anakohoa. Sikusikia kikohozi chochote. Nilichosikia ni mnyororo, halafu usukani ukanipiga ubavuni, kikapu kikaruka, nikaingia kwenye ua wa miiba kwa magoti na uso.

Yeye hakuumia. Baiskeli ililala, yeye akasimama. Nikamwona viatu vyake tu, kwa sababu sikuweza kuinua kichwa. Nywele zilishikwa na miiba. Viatu vile vikageuka, visigino vikawa upande wangu. Akakohoa tena! Nasema kweli tupu. Mimi nimening'inia kwenye ua kama nguo iliyoanikwa, na yeye amenipa mgongo, anakohoa. Akasimama hapo kidogo kama mtu anayengoja ardhi impe shauri. Kisha akainua baiskeli, akazungusha gurudumu kuona kama limepinda, akaisukuma, akaenda.

Heshima ilimkataza kupiga kengele, na heshima hiyo hiyo ikamkataza kuniinua. Nilikaa pale nikilia kwa hasira. Maumivu nilikuwa nimeyazoea.

Aliyeniinua ni mwanamke wa kutoka upande wa ziwani, muuza samaki wakavu, aliyekuwa akipanda na karai lake kwenda soko la Ikonge. Hatukuwa na lugha moja ila Kiswahili, na changu kilikuwa cha sokoni. Alitua karai, akaanza kunitoa miiba kwenye nywele mmoja mmoja.

"Dada yangu, nani amekufanya hivi?"

"Baba mkwe."

"Amekupiga?"

"Amenigonga na baiskeli."

"Sasa yuko wapi?"

"Amekwenda."

"Amekwenda kuita watu?"

"Hapana. Ni heshima. Hawezi kunigusa."

Alinitazama, mwiba mkononi. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kando ya karai lake. "Hata kwetu tunaogopa wakwe, sisi si wanyama," akasema akijifuta macho. "Lakini mtu akiwa kwenye miiba, uso unaugeuza huko, mkono unaunyoosha huku. Mkono una macho?"

Tukakusanya majani. Mengi yalikuwa na udongo. Akanitwika, akaenda zake, na mimi nikateremka na damu mguuni mpaka kituoni, ambako karani aliingiza mkono ndani ya kikapu, akatoa majani yenye matope, akanionyesha kama mtu anayemwonyesha mtoto mkojo wake. "Mama, hii ni chai au ni shamba lenyewe?" Wote kwenye foleni wakacheka. Akayakataa. Kazi ya asubuhi nzima nikaimwaga kwenye shimo la takataka nyuma ya kibanda.

Nilidhani jioni nitaulizwa goti. Badala yake walikuja wazee wawili wa ukoo. Baba mkwe na wazee hao wakakaa nje, mimi nikakaa jikoni nyuma ya ukuta wa udongo, na mama mkwe akasimama mlangoni, katikati, apitishe maneno. Na tatizo lao lilikuwa nini? Kwamba usukani wa mzee umenigusa! Kwamba mke wa mwana na baba mkwe wamegusana mchana kweupe. Mmoja akataka mbuzi wa kutakasa. Baba mkwe akasema sisi ni watu wa kanisa, hatuchinji mbuzi kwa mambo kama hayo. Mwingine akasema basi, kosa ni la nani?

"Mke anayesikia baba mkwe wake akikohoa, anapisha," akasema yule wa kwanza. "Au huko kwao Suneka wanatembea katikati ya njia kama ng'ombe?"

Mimi ndani moto ukanipanda kuliko ule wa mafiga. Nikasema, "Mama, hebu waulize: kikohozi kinatangulia baiskeli, au kinabaki nyuma yake?"

Huko nje mzee mmoja akapaliwa na cheko, akajifanya anasafisha koo.

"Na waulize, Mama, kwa nini hakupiga kengele. Ile kengele aliinunua ya nini?"

"Nyamaza!" mama mkwe akageuka, macho yamemtoka. "Akupigie kengele wewe? Wewe! Kama wale wahuni wa sokoni? Unataka watu waseme nini juu ya nyumba hii?"

"Sasa watu wanasema nini nikiwa miibani?"

Hapo baba mkwe akasema. Hakusema na mimi, alisema na hewa, lakini taratibu ili nisikie vizuri. "Ili yasitokee tena, wake wa boma hili wapite njia ya chini."

Wazee wakaitikia. Wakaona wameamua vizuri sana. Wakanywa uji.

Njia ya chini! Nikueleze njia ya chini. Ilishuka mpaka mtoni, ikavuka kwa gogo, ikapita kwenye matete ambako matope yanakufika kwenye pindi la mguu, halafu ikapanda mlima mzima kukutafutia kituo kile kile. Majani chai hayangoji. Ukiyabana kikapuni yakipigwa jua yanachemka, yanageuka mekundu, na karani anayanusa tu, anasema toa. Kwa hiyo wanaume wanne wa boma letu wenye baiskeli wapate njia kavu ya kukaa juu yake, na sisi wake ambao chai ile ni jasho letu tushuke mtoni kama fisi. Nilipita huko majuma mazima. Kikapu changu kilikataliwa mara nyingi kuliko kilivyopokelewa. Mume wangu aliporudi kutoka kazini Kericho mwisho wa mwezi, nikamweleza yote, toka mwanzo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na gurudumu lilipinda?"

Siku hiyo ndiyo niliamua. Nilijisemea, njia ya juu nitaipita, na nitaipita bila kuvunja heshima ya mtu. Wasinione mkosefu hata mahali pa sindano.

Basi asubuhi moja nikatwika kikapu, nikashika njia ya mgongo wa kilima. Nilikuwa nimefika karibu na kona nikasikia, safari hii kweli nikasikia, maana masikio yangu yote yalikuwa nyuma: mnyororo, breki, kikohozi.

Sikugeuka. Mke wa mwana hageuki kumtazama baba mkwe, si ndiyo? Sikuingia miibani pia. Mwenye mzigo hapishi. Nikaendelea kutembea, mwendo wangu ule ule wa mtu aliyebeba, katikati ya njia.

Akakohoa. Nikatembea. Akakohoa zaidi, kikohozi cha mtu mwenye kifua. Nikatembea. Nikasikia ameshuka, anaisukuma baiskeli. Kunipita hawezi, atanigusa. Kuniita hawezi. Kengele iko chini ya kidole gumba chake na hawezi. Kurudi anaweza, lakini alikuwa anawahi mkutano wa kanisa kule chini kwenye barabara kuu, na koti alikuwa amelivaa.

Tukateremka hivyo mpaka chini. Mimi mbele na kikapu, mzee wa kanisa nyuma yangu na baiskeli mkononi, anakohoa. Wachumaji walioko kwenye michai wakaanza kunyoosha migongo. Nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Kuja uone, kuna arusi!" Tulipotokea kituoni, foleni nzima ilitugeukia. Karani kalamu ilibaki hewani.

"Mzee," akasema mama mmoja mkongwe ambaye hakumwogopa mtu, "leo umepata wa kukuongoza? Au unajifunza kutembea?"

"Baiskeli imeharibika," baba mkwe akasema.

"Pole sana. Na kifua?"

Watu walicheka mpaka mizani ikatikisika. Sikucheka. Nilitua kikapu, uso nikiuelekeza upande wa kibanda, nikangoja zamu yangu. Karani akaingiza mkono, akatoa majani mabichi yenye umande. Akapima, akaandika.

Kurudi nyumbani nilijua yanakuja. Mama mkwe alinikuta nikimenya ndizi. Akakaa, akachukua kisu kingine, akamenya na yeye. Naye alikuwa amechekwa huko kisimani, nililiona hilo mdomoni mwake.

"Umemwaibisha," akasema.

"Nilimgusa, Mama?"

"Hapana."

"Nilimtazama?"

"Hapana."

"Nilimjibu neno?"

Akatia ndizi mbili tatu sufuriani. "Mzee anasema hivi. Kengele ataipiga pale kwenye kona, kabla hajatokeza. Akiwa hajakuona, hajakupigia wewe. Ameipigia kona."

Niliweka kisu chini. Wazee wote wale, na mbuzi wao, na uji wao, na jibu lilikuwa dogo kiasi hicho! Tena halikutoka kwa mzee, nilijua. Yalikuwa maneno ya mama mkwe yaliyovalishwa koti la mzee.

"Na njia?" nikauliza.

"Njia piteni."

"Na mimi sikuambiwa pole mpaka leo."

"Wewe wa Suneka," akasema, na hapo karibu acheke, "kamba ukishaipata, usiivute mpaka ikatike. Menya ndizi."

Nikamenya. Lakini pole hiyo sikuipata, si kwake, si kwa wale wazee, si kwa mume wangu, na wote wamelala bila kuisema. Hata walipokuja kulisimulia kilimani, walisema mzee alikuwa mwungwana, kila akifika kona alipiga kengele ili asishtue wake wa boma. Mzee mwungwana! Kana kwamba uungwana huo ulimwotea usiku kama uyoga. Na siku hizi vijana wa pikipiki wanapita hapa na honi zao, wanakutimulia vumbi mdomoni, halafu wazee wa rika langu wanatikisa kichwa wanasema zamani watu walikuwa na adabu njiani. Adabu ya nani? Nani aliileta? Nawaacha waseme. Goti langu linajua.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya ndizi, nilipotoka na kikapu, nikamkuta mama mkwe amesimama mwanzo wa njia ya juu na cha kwake kichwani, na nyuma yake wake wawili wa ndugu za mume wangu, ambao walikuwa wamechoka na mto kama mimi. Tukashika njia, mmoja nyuma ya mwingine. Tulikuwa tumeipita mikaratusi tuliposikia kengele, huko nyuma ya kona, kidogo, kwa haya, kama mtu anayeijaribu. Tukasogea. Hatukuingia miibani. Tulisimama ukingoni, migongo upande wa mzee, vikapu vichwani, tukamwachia upana wa gurudumu moja, kwa sababu baiskeli haihitaji zaidi ya hapo.